Usubi Aliyesomeka Ng'ombe

Kwa miaka kumi na moja Bibi Miguu alijipatia riziki kwa kung'oa miguu. Si ya watu, Mungu apishe mbali, ni ya wadudu: mende, nyigu, nondo, kila mmoja mguu mmoja tu. Aliushika kwa kibanio chembamba akaushusha kwenye kishimo cha sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita. Mashine ilisoma humo kipande kifupi cha vinasaba, kinachomtambulisha mdudu kama ile mistari myeusi inavyoitambulisha pakiti ya sabuni dukani, kisha kompyuta ikasema huyu ni nani. Mumewe, fundi baiskeli, aliwaambia wateja, "Mimi naunga, mwenzangu anang'oa."

Aliingia maabara na ufagio. Siku moja mtaalamu aliyekuwa akitetemeka mikono kwa homa akamwomba amshikie kibanio kidogo. Hakukirudisha tena.

Basi Jumatatu moja majibu yalitoka. Kwenye kishimo cha thelathini na moja aliwekwa usubi, kidudu kinachouma na kufyonza damu, ambacho Bibi Miguu alikikamata mwenyewe kwenye zizi la jirani pamoja na wenzake chupa nzima, akarudi mikono imevimba akajikuna wiki nzima. Kompyuta ikasema: ng'ombe.

Maabara ilikufa kwa kicheko. Daktari, mkuu wao, binti ambaye Bibi Miguu angeweza kumzaa, hakucheka.

"Mama, siku hiyo ulikula nini?"

"Daktari, mwanangu, mimi pale mezani hata maji sinywi."

"Sasa ng'ombe kaingiaje? Samahani mama, sahani ikichafuka tena nakuhamishia mapokezi, ukaandikishe wageni."

Bibi Miguu alinywea. Mapokezi palikuwa na feni na kiti cha kuzunguka, lakini hapakuwa na mdudu hata wa dawa. Akarudi nyumbani na uso wa msiba, akawa anakoroga mboga bila kuitazama.

Mumewe alisikiliza kisa chote, kisha akasema, "Ila hawakutenda haki. Wewe wamekuuliza ulikula nini. Usubi je, kaulizwa?"

Alikuwa anatania. Mkewe akauacha mwiko sufuriani.

Mdudu mkubwa hutoa mguu. Mguu wa usubi haushikiki hata kwa kibanio, kwa hiyo yeye huingia kishimoni mzimamzima, na tumbo lake na vilivyomo! Asubuhi Bibi Miguu alifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Kila mdudu hupigwa picha kabla ya kuwekwa kishimoni, naye akaifungua picha ya thelathini na moja. Tumbo jekundu, limetuna.

"Daktari, nipe sahani moja tu. Nikishindwa, mapokezi naenda kwa miguu yangu."

Daktari aliitazama ile picha, akampa.

Bibi Miguu alitoa kwenye chupa ileile usubi kumi walioshiba, akawapasua chini ya hadubini: kichwa kishimo hiki, tumbo kishimo kile. Pumzi aliibana hata shingo ikamkakamaa. Siku nne za kungoja majibu hazikuwa na usingizi wa maana, na mumewe alikoma kutania, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Majibu yalipokuja, Daktari aliyasoma kwa sauti. Vichwa vyote kumi: usubi, wa aina moja. Tumbo la kwanza: ng'ombe. La pili: ng'ombe. Kila alivyoshuka sauti ilimpanda.

"Mama, nilikuonea. Nisamehe. Mapokezi watafute mtu mwingine, na hii kazi ya kujua usubi anakula nani tutaiandika, jina lako likiwa juu."

Bibi Miguu alifurahi hadi akakosa pa kuweka mikono.

Daktari akaendelea kusoma. Ng'ombe, ng'ombe. Kwenye tumbo la tisa akasogeza miwani.

"Hapa pameandikwa binadamu. Mama, huu sasa si ndio uchafu wenyewe?"

Bibi Miguu akakunja mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko, akaonyesha makovu ya zizini.

"Huo si uchafu, mwanangu. Huyo ni mimi."