Kinyozi Aliyekuwa Mheshimiwa Lukoye

Sylvanus Lusweti alikuwa kinyozi mjini Kakamega, na kwa miaka mingi aliigiza katika michezo ya kanisa lao. Mwaka jana akapata nafasi kubwa: kuwa Hezekiah Lukoye, mbunge wa zamani aliyewatetea wakulima wa miwa, katika filamu iliyogharamiwa na wana wa marehemu huyo.

Filamu yenyewe ilikuwa na kasoro nyingi. Iliruka miaka, muziki ulifunika maneno, na mbunge hakukosea hata mara moja. Lakini Lusweti alipotokea, watu walisahau kasoro hizo. Alitembea kama Lukoye, akakohoa kama Lukoye. Waliomjua walifuta machozi.

Baada ya hapo hakutulia. Wateja walimwita Mheshimiwa. Alijikuta akinyoosha kidole kama yuko jukwaani, mashine ikinguruma mkononi, kisha anaona haya. Usingizi ulimpaa.

Siku moja akaja mama kutoka Mayoni, jina lake Ayuma, akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye ulikuwa Lukoye?"

"Ni mimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Huyo mtu alichukua shamba la baba yangu, akatufukuza miwa ikiwa imekomaa. Mbona hiyo hamkuonyesha?"

"Haikuwa kwenye hadithi niliyopewa."

"Ungeigiza vibaya ningecheka, niende nyumbani. Lakini hata mimi nilimpenda. Nilimlilia. Sasa binti yangu ananiuliza kama nilikuwanga nadanganya kuhusu shamba."

Lusweti alizima mashine. Mteja akabaki kitini, kichwa kimenyolewa nusu.

Filamu ilipopelekwa Mayoni, Lusweti alimwomba mwongozaji, Eugene, amruhusu Ayuma aseme machache. Eugene alikataa. "Familia iko hapa. Utaniharibia."

Ilipokwisha, watu wakimpigia makofi, Lusweti alikwenda mbele. Akasema kuna jambo limeachwa nje, akampa Ayuma kipaza sauti.

Wana wa Lukoye walitoka. Wengine walizomea. Ayuma aliendelea kusema, na jirani yake mmoja akainuka akathibitisha kwamba siku ile ya kufukuzwa alikuwepo. Ndipo binti yake Ayuma akatoka nyuma, akaja kusimama kando ya mama yake.

Eugene hajampigia Lusweti simu tena, na baadhi ya wateja wamehamia kwa vinyozi wengine. Juzi aliitwa kuigiza maisha ya mwanasiasa mwingine. Aliuliza kama wale waliomchukia mtu huyo nao wamesikilizwa. Hajajibiwa. Anaponyoa, anasimama kila mara kuitazama simu.