Spea Inayotoka Ng'ambo

Kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa, kila nyumba mtaani kwetu Kirumba ilijitungia sababu. Jirani alisema nchi imeshauzwa, sisi tunasubiri tu kuhamishwa. Mwenye duka aliona ni njama ya walewale waliotuletea magugu maji ziwani. Baba yangu, fundi mashine wa kiwanda hicho, hakutaka makubwa. Alisema kuna spea inatoka ng'ambo. Ikifika, mashine itawashwa, naye ataitwa kazini.

Spea hiyo ilisafiri jamani. Ilianza kukaa bandarini Dar es Salaam, ikapanda treni, ikakwama Tabora kwa sababu ya mvua. Ilikaa Tabora hadi nikadhani imeolewa huko. Nilikuwa msichana wa sekondari mwenye mdomo, na hadithi za watu wazima zilinichosha.

Miaka hiyo viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukaachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Mama alitaka kuyakaanga auze mbele ya nyumba. Baba akakataa katakata. Mke wa fundi akikaa na karai la mapanki, watu watajua kwamba kazi imekwisha. Basi tukaendelea kula ugali na mlenda, mchana na jioni, kwa heshima ya spea.

Siku moja walikuja wenzake wawili wa zamani. Nikawaamkia, nikakaa. Baba akaanza habari za Tabora, na mimi uvumilivu ukanishinda.

"Baba, hakuna spea. Kiwanda kimekufa, na wewe unajua."

Wageni waliangalia miguu yao. Mama ndiye aliyesema.

"Huyu mtoto hajui mashine." Kisha akamgeukia baba. "Lakini Baba watoto, ikifika utavaa nini? Ovaroli yako imechanika. Niache nikaange mapanki nipate kitambaa. Siku spea itakapofika, naacha."

Baba alifikiri sana.

"Mpaka ifike tu," akasema.

Nilimkasirikia mama kwa wiki nzima, huku nikila samaki wake. Karai lile ndilo lililonilipia ada hadi nikamaliza shule. Wateja walizoea kuuliza spea imefika wapi, na baba aliwajibu vizuri, kituo kwa kituo.

Kisha, asubuhi moja, lori la vyuma chakavu likapita barabarani kwetu. Baba alizitambua zile mashine za kiwandani hata zikiwa zimekatwa vipande. Alisimama hadi lori likapotea, kisha akaja kukaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Niliona aibu kwa yale niliyowahi kumwambia.

Mteja mmoja, ambaye hakuwa ameona kitu, akamuuliza kama kawaida, "Mzee, spea imefika wapi?"

Nikaomba kimoyomoyo adanganye. Aseme Tabora, aseme Shinyanga, aseme popote.

"Imefika," baba akasema.

Mama aliacha kugeuza samaki. Ahadi yake aliikumbuka, na mimi niliikumbuka.

"Imefika," baba akarudia, "lakini haikuingia kwenye mashine. Mama watoto, wewe endelea kukaanga."