Doli la Wageni

Nyumbani kwetu hapa Maskati, kama nyumba nyingi za sisi tuliotoka Unguja, kuna kabati la vyombo vya wageni. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, birauli, sahani za halwa. Marehemu mama hakuturuhusu hata kuvifuta vumbi. Nimekua nikivitazama nyuma ya kioo, na mpaka leo sijui chai ina ladha gani ndani ya vikombe vile. Naanza na kabati kwa sababu chuo ninachofundisha ukunga kiliwahi kufanya jambo hilohilo, nami nilikuwapo.

Chuo chetu kiko Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Kilikuwa kinatoa diploma tu, kikataka kupanda kitoe digrii. Mabadiliko makubwa namna hiyo chuo hakijiamulii. Lazima mamlaka ya ithibati itume wakaguzi waje waone kwa macho yao, ndipo ikubali au ikatae. Wakati huo mtoto wa dada yangu alikuwa mwaka wa mwisho wa diploma. Ombi likipita, darasa lake lingeendelea moja kwa moja hadi digrii. Naye hakutaka kitu kingine duniani ila kufundisha ukunga, na bila digrii hakuna chuo kinachokuajiri ufundishe. Dada alishaanza kumwita "mwalimu" mbele za watu, jambo lililomkera binti na kunichekesha mimi.

Miezi kadhaa kabla ya ukaguzi likaja doli la mazoezi, kwa lori, kutoka bohari moja mtaa wa Ghala. Mwanamke mzima wa mpira, mjamzito. Fundi alipoliwasha, likapumua. Likapepesa macho. Ukiweka mkono tumboni unamhisi mtoto anageuka, ukiweka sikio unasikia moyo wake mdogo unakwenda mbio. Nimezalisha wanawake wengi maishani mwangu, na bado nilisimama pale mdomo wazi. Hapa mwanafunzi angeweza kukosea vibaya kabisa, mama akavuja damu, na kesho yake mama yuleyule akamsubiri ajaribu tena. Hakuna msiba, hakuna tanga. Machozi yalinilengalenga na sioni haya kusema.

Mkuu wa chuo naye lilimshangaza, kiasi kwamba alilifunika shuka jeupe, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Nilimfuata ofisini.

"Daktari, watoto wanataka kulifanyia mazoezi."

"Wageni wapite kwanza, ukhti. Lisije likaharibika."

Nilitoka nimefura. Wanafunzi wakawa wanapita dirishani wanachungulia, wakalibatiza jina: Bibi Harusi.

Siku ya ukaguzi wageni walikuja wakiongozwa na mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti. Mkuu alikuwa ameandaa kahawa na halwa nzuri ajabu. Wao wakapokea maji tu, maana ndivyo zilivyo kanuni zao, na mkuu akaona kama ametukanwa nyumbani kwake. Kisha tukaingia chumba cha doli. Taa zote zinawaka, wanafunzi wamejipanga na makoti meupe, na plastiki ya mikononi mwa doli imebanduliwa asubuhi ileile. Mkuu alieleza kwa fahari. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia mtoto wa dada yangu, aliyekuwa karibu naye.

"Nionyeshe unavyomsaidia mtoto akikwama mabega."

Doli likapumua. Sisi wengine sidhani kama tulipumua. Binti angeweza kujaribu. Hatua zote alizijua, nilimsomesha mwenyewe, na mikono yake ni myepesi. Hakuna ambaye angemlaumu. Alilitazama doli, akanitazama, akamrudia mgeni.

"Samahani," alisema. "Kwa maneno nitakueleza yote. Lakini sijapata kuligusa. Leo ndiyo mara ya kwanza sote kuingia humu."

Uso wa mkuu ulimshuka. Mimi nilikuwa namtazama binti tu, mtoto niliyemvisha nepi kwa mikono yangu, na nilimwogopa kidogo. Alijua fika anatoa nini, na alikitoa kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Ombi likarudishwa mpaka chuo kithibitishe kwamba wanafunzi wanafanya mazoezi kweli. Darasa lake likatoka na diploma. Dada alinijia juu.

"Ungemkonyeza hata jicho," aliniambia. "Angejaribujaribu tu, angepungukiwa nini?"

"Dada, nilikuwa nnamtazama. Wallahi sikuwa na jicho la kukonyeza."

Ufunguo ulitoka mfukoni wiki ileile. Darasa lililofuata lilimzalisha Bibi Harusi asubuhi na jioni, mpaka akawa na kiraka tumboni na kope moja haifungi. Wakaguzi waliporudi, yule mama aliuliza swali lake lilelile. Msichana aliyeulizwa alipandisha mikono ya koti na kuanza kazi bila kumjibu. Chuo kikapewa ruhusa ya kutoa digrii. Waliokwisha kutoka na diploma waliambiwa wakitaka kurudi kuisomea watapanga foleni kama watu wengine.

Nilimpigia simu binti nimwambie. Alikuwa zamuni, katika kituo kidogo cha afya upande wa Yiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Juzi nimempata wa kukwama mabega," alisema. "Ndo mara yangu ya mwanzo. Hatua zote nikizitaja kwa sauti, mama mdogo, kama niko darasani."

"Akatoka?"

"Katoka. Kalia."

Nilitaka kumuuliza uzito wa mtoto, akaniwahi.

"Hao wa sasa," akauliza, "wanaligusa?"

"Limechakaa lote."

"Alhamdulillahi," alisema, na akaniaga, kwa sababu kulikuwa na mama mwengine anamngoja.