Shosho Dorothy na mgomba wa baba yake

Jamani, akili yangu inakataa. Bado nangoja abishe mlango aulize kama chai iko tayari. Shosho Dorothy ametuacha, na jana tulimzika.

Wengi mlimjua kwa picha zangu: yule nyanya wa kizungu, jirani yangu huku majuu, hapa Weston, aliyekula ugali kwa uma na kusema "needs salt". Kila mara! Hata nikiongeza chumvi.

Kilichomuuma ni kimoja. Baba yake alikuwa rubani vitani, kwenye zile ndege zilizowinda ndege za adui gizani. Aliruka juu ya bahari, hakurudi. Hakuna mwili, hakuna hata kipande cha bawa. Dorothy alikuwa bado tumboni.

"Jina lake limechongwa ukutani kule England," aliniambia. "Lakini yeye hayuko huko."

Mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia kwetu Kakamega mtu akipotea bila mwili, tunazika mgomba. Mjomba wangu alibebwa na mto Nzoia. Tuliulaza mgomba kwenye jeneza, tukaulilia, na nyanya akapata kaburi la kupalilia. Nilikuwa napiga story tu.

Baadaye naingia kwake, haki ya Mungu, nakuta mgomba sebuleni! Uko kwenye chungu, kautoa duka la maua. Mwembamba kama mwiko.

"Brenda, baba atakuwa tayari lini?"

"Shosho, mwache kwanza anenepe."

Tulicheka hadi machozi. Halafu akanishika mkono. Alitaka baba azikwe kando ya kaburi la mama yake Dorothy, theluji ikiisha.

Nikampigia mama nyumbani. Mama akasema ni sawa, ila mgomba hauzikwi kimya. Lazima uliliwe.

Dorothy aliposikia, akasema: "Sijui kumlilia mtu ambaye sijawahi kumwona. Utanisaidia kulia?"

Nikamwahidi.

Theluji haikuisha kwa wakati. Natoka shift, nakuta mlango wake wazi na paramedics wa ambulance ndani. Inaniuma, wacheni tu. Amengoja maisha yake yote, na hakuiona hiyo siku.

Niliukata ule mgomba mwenyewe, nikaufunga shuka nyeupe. Mtu wa funeral home, pale wanapotayarisha maiti, akauliza nimebeba nini. Kabla sijafungua mdomo, mwanawe Shosho, ambaye siku zote aliona mambo haya ni upuzi, akajibu: "My grandfather."

Tukamlaza kando ya binti yake, kwenye jeneza moja.

Makaburini watu walisimama kimya, kawaida yao. Mimi nikapiga nduru, ile ya kwetu. Ya kwanza ya Shosho. Ya pili ya rubani. Wote wakageuka kunitazama, na mwanawe akaanza kulia pia, kwa sauti.

Shosho, nimelia kama tulivyokubaliana. Baba yako amezikwa, na mama yako yuko hapo kando.

Laleni salama, nyote watatu.