Sungura Wanaouzwa Shuleni

Shuleni tulikuwa mwalimu, mke wake, binti yangu aliyemficha sungura ndani ya blauzi, na mimi, mtoto mgongoni.

"Mwalimu, mulimuuzia mutoto sungura bila kutuuliza," nilisema. "Baba yake iko ananoa kisu."

"Mama, hiyo njo somo la kufuga."

"Kwetu sungura iko nyama ya kula na bukari, ugali wetu. Mulimwambia mutoto?"

Mwalimu alikohoa. Sikuondoka.

Mke wake alimcheka mumewe. "Sungura ule wa Pasaka, si weye ulimula?" Akafungua kizimba, akampokea sungura kwa mikono miwili. "Atalala hapa, mwanangu. Utamuletea majani."

Wanaowauzia watoto wanyama wakumbuke kwamba nyumbani kuna baba mwenye njaa.

Sasa shule haimuuzii sungura mtoto aliyekuja bila mzazi.