Sahani za klachi na ng'ombe wa jembe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinisahihishe Kiswahili. Shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa kwenda kuchunga. Nasema mwenyewe nilichofanya, maana babu yenu hadi leo analilaumu duka la vipuri la Katoro.

Kitinda mimba wangu alifika miaka thelathini na nane hana mke. Alikataliwa mara mbili, na sababu ilikuwa ile ile: hana kitu. Mara ya tatu mzee, huyo babu yenu, akaenda kwa watu fulani, vijiji viwili kutoka kwetu, akawaambia kijana ana pikipiki. Ni kweli anayo, kuukuu. Baba wa binti akasema, "Basi njooni nayo Jumamosi kabla ya saa sita, tuione. Msipofika, kuna wengine wanakuja saa nane."

Alhamisi klachi ikafa.

Mzee akakataa fundi. "Mimi nimekaa gereji Mwadui miaka sita!" Alikaa, sikatai. Alikuwa anawapelekea mafundi chai.

Wakaifungua uani, yeye na mwanaye. Ijumaa wakapanga sahani za klachi kwenye mkeka wangu wa kuanikia michembe ya viazi, zimepakwa oili: moja ya magamba, moja laini, moja ya magamba, moja laini. Kisha wakatoka kwenda Katoro kutafuta gasketi. Mzee akaniachia neno: "Hizo sahani usiziguse."

Tangu lini mwanamume akanikataza kugusa sahani nyumbani kwangu? Wingu lilipofunga nikaziokota zote, nikazipanga kama mwanamke aliyefundwa anavyopanga sahani, zinazofanana pamoja. Za magamba chini, laini juu. Nikafunika kwa ungo.

Mzee aliporudi akafunua, akafurahi. "Umeona? Kazi ni kupanga." Alidhani kijana ndiye aliyepanga. Kijana akadhani ni baba yake. Hakuna aliyeniuliza, nami sijibu nisichoulizwa. Wakazitumbukiza vile vile zilivyokaa, wakafunga.

Jumamosi asubuhi ikawaka kwa kiki moja. Ikaunguruma kama dume. Kijana akaweka gia, akaachia klachi. Haikusogea hata unyayo. Kumbe sahani hizo hushika zikipishana tu, moja ya magamba, moja laini; hilo nilikuja kulijua baadaye.

"Vuta mafuta!"

"Navuta, baba, inalia tu!"

"Vuta kama mwanamume!"

Akavuta hadi kuku wakaingia chini ya kitanda. Pikipiki imesimama pale pale, inapiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

Saa tatu ilikuwa imepita. Kufungua tena hakukuwa na muda, na kwenda bila pikipiki ni kukataliwa mara ya tatu. Mzee akasema, "Leteni ng'ombe wa jembe. Tutaivuta hadi pale kilimani juu ya kwao, tuwafungue, tuwafiche kichakani. Kijana ateremke mwenyewe hadi mlangoni, nani atajua?"

Ndivyo tulivyokwenda. Mzee mbele na kamba. Ng'ombe wawili. Kijana juu ya pikipiki, koti la kuazima, helmeti kichwani, injini inawaka ili asionekane anavutwa. Mimi nyuma na fimbo. Kila tuliyepishana naye alitusalimia, kisha akasimama kutuangalia hadi tukapotea.

Tulipofika juu, kabla mzee hajagusa fundo, tukasikia vigelegele. Wenzetu wa upande wa binti walikuwa wametoka kutupokea barabarani.

Baba wa binti hakuitazama pikipiki. Aliwazunguka ng'ombe, akampapasa mmoja nundu, akamfungua mwingine kinywa. "Wengine huja na maneno," akawaambia watu wake. "Hawa wamekuja na mahari ya kutanguliza!" Akafungua kamba kwa mkono wake. Mzee bado ameshika ncha ya kamba, ng'ombe wetu wanaingia zizini kwa mwenzetu, na wanawake wanacheza.

"Baba," kijana akanong'ona kutoka juu ya pikipiki, injini bado inalia, "sema kitu."

Mzee aseme nini? Kwamba ng'ombe ni wa kuvutia pikipiki mbovu?

"Shuka, ng'wanawane, mwanangu," akamwambia. "Umeoa."

Tulikula, tukakubaliana siku, tukaagwa vizuri. Pikipiki tukaisukuma hadi nyumbani, sisi watatu, mvua ya kwanza ya kulimia ikitunyeshea migongoni. Nilipoingia uani nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Ng'ombe wa kulimia hatuna. Kesho alfajiri kila mtu ashike jembe la mkono, na mzee ndiye atakayeanza tuta la kwanza."