Ng'ombe ya dot ndani ya gari ya okazyo

Ule mwaka tulikula sombe, majani ya muhogo, bila sambaza mpaka watoto wakasahau harufu ya samaki, na ni ule mwaka nilipata haya ambayo itanifuata mpaka kaburini, hata leo nikipita sokoni wamama wanaangaliana, wanakohoa kidogo.

Nilikuwa na kamyo, lori ambayo bwana wangu marehemu aliniachia. Niliketi juu mule karibu na shofere nikileta mihogo ya Luvungi, tukipanda mulima asubuhi, ukungu uko chini yetu kama maziwa yaliyomwagika, unaona kama unaruka, kama hakuna mutu duniani anayekujua. Lakini ile kamyo ilikunywa mafuta ya mazutu kuliko walevi wa kwetu wote, ndipo mutoto wangu Dieudonné akaniambia, "Maman, tuiuze, tununue kagari ka okazyo, kalikotumiwa na wengine, kenye kunusa tu esanse." Tukauza. Tukapata kagari kenye mulango wa kujifunga wenyewe, na sauti ya mwanamuke ndani inasema Kijapani (sijui ananisalimia ao ananitukana, mimi ninamujibu tu "asante mama").

Nikajivuna! Nikaambia kila mutu: kitu kamyo ilibeba, haka nako kanabeba.

Basi mujukuu wangu Pacifique akapata muchumba kule Kamanyola. Baba ya binti alikuwa mukali: ng'ombe ya dot, ile mahari, isipofika ile siku, kuna mwingine wa Luhwindja, mwenye dhahabu, anangojea. Dieudonné akasema tukodishe kamyo. Jirani yangu Maman Furaha alikuwa anasikiliza pale uani, kwenye lupango, ningesema nini? Nikasema, "Toeni viti vya nyuma."

Ng'ombe iliingia vizuri kuliko mukristo kanisani. Dieudonné alishika usukani, mimi niliketi mbele, kichwa cha ng'ombe kikanifikia begani, tukashuka mulima polepole ndani ya ukungu, madirisha wazi kwa sababu ya harufu, na yule mwanamuke wa Kijapani anasema, anasema, usingizi ukanibeba. Nikaona bwana wangu amerudi, ameketi nyuma yangu, ananipulizia shingo kama zamani, pumzi ya moto, yenye majani. Nilifurahi mpaka machozi. Nikamushika kidevu, nikamwambia, "Muzee, usiniache tena. Lakini hizi ndevu, si ungenyoa kwanza?"

Nikafungua macho. Tulikuwa tumefika, bakwe wote, watu wa binti, wamesimama mbele ya dirisha, nyimbo zimewakauka mudomoni, na mukono wangu uko kwenye kidevu cha ng'ombe.

Shangazi moja ya binti akapiga kelele, ananiita Koko kama wajukuu wanavyoniita: "Eeh Koko! Hii ni dot yetu ao ni bwana wako?"

Ningeomba ardhi inimeze, lakini ng'ombe haikuniachia nafasi. Ililala! Ikakunja miguu, ikaanza kucheua, macho nusu, kama iko kwa mama yake. Tulivuta, tulisukuma, mulango ukajifunga na kumubana Dieudonné matako, watu wakalia kwa kicheko. Baba ya binti yeye hakucheka. "Kwangu, ng'ombe isiyokanyaga lupango haijafika," akasema, "na jua linashuka." Pacifique akaniangalia. Yale macho sitayasahau, mutoto niliyemulea mwenyewe.

Kumbe binti, Neema, alikuwa anachungulia. Bibi harusi anafichwa ndani mpaka aitwe, ndiyo desturi, lakini yeye alitoka bila kuitwa, chumvi mukononi, akapanda ndani ya gari na kitenge chake kipya, akaketi kwenye mavi, akainong'oneza ng'ombe. Ikalamba. Ikasimama. Ikamufuata chini pole pole, ikakanyaga lupango na kukojolea viatu vya baba.

Muzee akaangalia viatu, akaangalia binti yake. "Umetoka mwenyewe," akasema, "basi umeshajibu: unamutaka." Na hapo ndipo alicheka, mpaka akashika ukuta.

Sasa mutaa muzima unaita kale kagari "ya Koko na bwana wake," na kila mwenye kupeleka dot anakuja kukaomba, eti kana bahati. Juzi nani amebisha hodi? Ule ule mukwe wa Kamanyola, kijana wake anaoa, ameniletea nyanya kikapu kizima, anatabasamu.

"Hapana," nikamwambia. "Ng'ombe itembee."

"Hata mimi, Koko? Hata mukwe wako?"

"Hapana. Ng'ombe itembee."